Bampa si bati: joto la mashine ya polishi linavyomtia fundi hasara

KIGALI

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la gereji moja ya hapa mjini, macho kwenye simu, nikasikia harufu kama ya mfuko wa plastiki ulioangukia jiko la mkaa. Nilipoinua kichwa, kijana aliyekuwa akipiga polishi gari langu alikuwa ameshazima mashine. Alisimama akiitazama kona ya bampa la mbele bila kusema neno. Pale palipokuwa na rangi ya kijivu inayong'aa sasa palikuwa na doa lililokunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa, na katikati yake, mahali padogo kuliko sarafu, plastiki nyeusi ilikuwa ikichungulia.

Kazi ilikuwa inakaribia mwisho. Boneti, paa na milango yote minne vilikuwa vimetoka vizuri kiasi kwamba ungeweza kuchana nywele kwa kujitazama humo. Mashine ilikuwa ileile, sponji ileile, dawa ileile na mkono uleule. Kwenye bampa hakukaa hata dakika mbili.

Mwenye gereji alikuja, akainama, akapapasa doa kwa kidole, akatoa hukumu papo hapo: bampa litapakwa upya na gharama itakatwa kwenye malipo ya kijana. Polishi ya gari zima tulikuwa tumekubaliana faranga 30,000, na fungu la kijana lilikuwa theluthi yake. Fundi rangi wa gereji ya jirani alitaka 70,000 kwa bampa. Maana yake kijana angepiga polishi magari saba bila kuona hata faranga moja. Nami, nakiri, sikupinga. Gari ni langu, na sikuliharibu mimi.

Nilianza kuona haya baadaye, nilipoelewa kilichotokea. Kijana yule hakuwa mzembe. Alifanya kwenye bampa kile hasa alichofundishwa kufanya kwenye mlango, na hapo ndipo ilipo shida yote.

Tangu siku hiyo kila ninapopita kikazi kwenye miji jirani huuliza. Gerezani mjini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi ambayo wengi bado huiita Grogan, na Katwe mjini Kampala, sikukosa fundi mwenye kisa chake cha bampa lililoungua, wala sikukosa kijana aliyelilipia.

Mwiko na kijiko cha chuma

Anayesonga ugali anaijua fizikia ya jambo hili hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Ukiacha mwiko wa mti ndani ya sufuria inayochemka, utaurudia na kuushika bila wasiwasi. Ukiacha kijiko cha chuma, kitakuunguza vidole. Chuma hupokea joto na kulikimbiza mbali. Mti hulikataa, nalo hubaki palepale lilipogusa.

Mlango wa gari ni kijiko, bampa ni mwiko. Sponji inapozunguka juu ya rangi, msuguano huzaa joto. Juu ya mlango joto hilo hupenya rangi, hukuta bati la chuma lisilofika unene wa milimita moja, nalo bati hulitawanya huku na huku mpaka likapotea hewani. Chuma cha kawaida hupitisha joto zaidi ya mara 200 kuliko polipropilini, plastiki ambayo hutengenezewa mabampa mengi ya siku hizi. Alumini, iliyotumika kwenye bodi za Land Rover za zamani, hukipita chuma chenyewe karibu mara nne.

Kwenye bampa joto halina pa kwenda. Hurundikana kwenye rangi, juu juu, mahali paleplae sponji ilipo. Nayo rangi hiyo ni nyembamba mno. Tabaka la mwisho lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita kliya, kwa kawaida lina mikroni 40 hadi 50, yaani kama nusu ya unene wa karatasi ya fotokopi. Polishi yote hufanyika ndani ya nusu hiyo ya karatasi. Kazi ya polishi si kuongeza kitu. Ni kupunguza kliya kidogo kidogo mpaka usawa wa mkwaruzo. Kliya ikishakwisha, hakuna dawa ya chupa itakayoirudisha.

Bampa linapoanza kulemewa, huonya. Dawa hukauka haraka kuliko kawaida na kuacha michirizi. Sponji, iliyokuwa ikiteleza, huanza kuvuta kama inayokanyaga asali. Mng'ao hufifia badala ya kuongezeka. Harufu huja mwisho, na ikishafika ujue umechelewa.

Kuna mtego mwingine ambao sikuutarajia. Mafundi wengi hupima joto kwa kuweka kiganja juu ya sehemu waliyopiga. Kwenye bati njia hiyo inafaa. Kwenye plastiki kiganja hudanganya, kwa sababu ileile ya mwiko: bati lenye nyuzi 50 huumwaga moto wake wote mkononi mara moja, ilhali plastiki yenye nyuzi hizohizo 50 hutoa joto lake taratibu na kuonekana vuguvugu tu. Anayepima bampa kwa kiganja inabidi akiache pale kwa sekunde kadhaa. Kipimajoto cha mwanga kisichogusa ni bora zaidi, ila kile cha paji la uso tulichokizoea wakati wa Uviko hakifai, kwa kuwa kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu tu.

Kiwandani hawavichanganyi

Wenye viwanda wanaijua tofauti hii tangu zamani. Bodi ya chuma huzamishwa kwenye dawa ya kuzuia kutu kisha huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 160 hadi 180. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160. Bampa likiingizwa humo pamoja na bodi litatoka uji. Kwa hiyo mabampa hupakwa rangi kando, mara nyingi kwenye kiwanda kingine kabisa, kwa rangi inayokauka kwa joto la chini, kisha hufungwa kwenye gari mwishoni. Ndiyo maana hata gari jipya kabisa likiwekwa juani unaweza kuona bampa na boneti havifanani sawasawa, ukadhani limewahi kugongwa.

Tatizo hili halikuwapo enzi za wazee wetu. Peugeot 504 zilizobeba abiria kwenye barabara zetu miaka ya 1980 zilikuwa na bampa la chuma. Ukiligonga, linanyooshwa kwa nyundo. Plastiki ilianza kuingia kwenye magari ya kawaida miaka ya 1970. Renault 5 ya mwaka 1972 ni mojawapo ya yale ya mwanzo. Leo sidhani kama kuna gari dogo linaloshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na bampa la chuma.

Wala si bampa peke yake. Vifuniko vya vioo vya pembeni, spoila ya nyuma, grili na vishikio vya milango ni plastiki iliyopakwa rangi, nyingi zikiwa za aina ya ABS, ambayo hulegea ikifika nyuzi 100 na kidogo. Kinachowanasa hata mafundi wakongwe ni magari yenye mapajatairi ya plastiki. Nissan X-Trail ya kwanza, ambayo imejaa Kenya na Tanzania, ina mapajatairi ya mbele ya plastiki. Renault Mégane ya pili vilevile. Kwa macho huwezi kujua: rangi ni moja na mng'ao ni mmoja na mlango ulio kando yake ni bati tupu.

Dawa yake ni sumaku. Toa sumaku ndogo kwenye spika mbovu ya redio, ifunge kwenye kitambaa laini isije ikakwaruza, kisha ipitishe juu ya gari zima kabla hujawasha mashine. Inaponasa ni chuma. Isiponasa, gonga kwa kifundo cha kidole: alumini italia kama sufuria, plastiki itatoa sauti nzito iliyokufa. Mwenye shaka aingie chini ya gari atazame upande wa ndani wa bampa. Kuna maandishi yaliyochongwa kati ya alama mbili kama mishale, kwa mfano PP+EPDM-TD15. Hiyo ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na ndani yake mna asilimia 15 ya unga wa mawe laini uitwao talki.

Hapo ndipo pia hukwama vile vipimo vya unene wa rangi ambavyo wanunuzi wa magari ya mtumba wameanza kutembea navyo. Vingi vyavyo hufanya kazi kwa sumaku au umeme, na huhitaji chuma chini ya rangi. Kwenye plastiki havisomi chochote. Kuna vya mawimbi ya sauti vinavyoweza, lakini bei yake si ya gereji ya kando ya barabara. Kwa hiyo sehemu yenye hatari kubwa kuliko zote ndiyo fundi anayoifanyia kazi gizani.

Mkono wa fundi wa Gerezani

Fundi aliyenifungua macho nilimkuta Gerezani, mtu wa makamo, vijana wake wanamwita mzee ingawa mvi zake zahesabika. Alikuwa na bampa la Toyota Harrier nyeusi mbele yake, na alikataa kuligusa mpaka gari lisogezwe kivulini. Gari jeusi lililolala kwenye jua la adhuhuri la Dar es Salaam laweza kupita nyuzi 60 kabla mashine haijawashwa. Ukilianza hivyohivyo, umeshatumia akiba yako yote ya joto bila kufanya kazi yoyote. Tulikunywa chai huku bampa likipoa, nusu saa nzima.

Kisha akaosha. Mchanga mmoja ukibaki kwenye bampa, alieleza, sponji itauzungusha na kuandika duara juu ya rangi. Plastiki ina ubaya wa ziada: ukiifuta ikiwa kavu hupata umeme tuli na kuvuta vumbi kama sumaku, ndiyo maana aliipitishia kitambaa chenye unyevu kabla ya kila raundi.

Baada ya hapo alitoa tepu ya karatasi. Alifunika kingo zote za bampa, mistari iliyochongwa, mdomo wa grili, vitundu vya sensa za kuegeshea na plastiki nyeusi isiyopakwa rangi, ambayo dawa ikiiingia huacha weupe usiotoka kwa urahisi. Kingo ndizo alizihangaikia zaidi. Rangi ikiwa bado mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo na kukimbilia sehemu bapa, kwa hiyo inapokauka ukingo hubaki na tabaka jembamba kuliko mahali pengine popote. Na sponji ikipita ukingoni uzito wote wa mashine huangukia mstari mmoja mwembamba. Bampa langu liliungulia konani. Nilipomwambia, alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilijua jibu kabla ya swali.

Mashine yake haikuwa ile ya kijana wa Kigali. Zipo za aina mbili. Ya kwanza huzunguka kwenye mhimili mmoja, mahali pamoja, kama jiwe la kusagia. Ina nguvu, hukata mikwaruzo upesi, na huchemsha upesi vilevile. Ya pili huzunguka huku ikiyumba, kwa hiyo hakuna nukta moja ya sponji inayosugua mahali pamoja mfululizo, na ukiigandamiza kupita kiasi huacha kuzunguka, ikabaki inatetemeka tu. Ni ya polepole, lakini humsamehe aliyekosea. Kwa plastiki alitumia hiyo ya pili, na sponji ndogo inayotosha kwenye kiganja, laini kuliko ile aliyotumia kwenye boneti.

Manyoya aliyaweka kando kabisa. Yanakata vizuri kwenye bati lililochoka, alisema, ila kwenye bampa ni sawa na kunyoa mtoto kwa panga.

Alianza na sehemu ndogo ya majaribio, chini, karibu na tairi, mahali ambapo mwenye gari hatapatazama. Mwendo wa chini. Hakuigandamiza mashine, aliuacha uzito wake wenyewe ufanye kazi. Sponji ilalie bapa, isiinuke upande. Mkono usisimame hata mara moja, wala usiendelee kwa muda mrefu: mapito mawili au matatu juu ya eneo la ukubwa wa gazeti lililokunjwa, kisha anazima, anafuta, anaweka kiganja na kusubiri. Kila baada ya eneo moja aliisugua sponji kwa brashi, kwa sababu sponji iliyojaa dawa kavu na rangi iliyong'olewa husugua kama msasa na kuchemka maradufu. Mwisho alifuta kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Dawa nyingi za polishi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha. Spiriti huyaondoa na kuonyesha kama kazi imefanyika kweli au imepakwa mafuta tu.

Mkwaruzo mmoja mrefu ulibaki. Kucha ilikuwa inanasa humo. Aliuacha. Mkwaruzo unaoshika kucha umeshuka chini sana, na kuufuata kwa mashine ni kuila kliya yote inayouzunguka. Alimwambia mwenye gari akiwa amesimama palepale, kabla ya kupokea pesa, na mwenye gari alikubali, kwa shingo upande.

Bampa zima lilimchukua karibu saa moja. Boneti, ambayo ni kubwa zaidi, alikuwa ameimaliza kwa dakika 25.

Grainda, na waya uliochubuka

Nikiwa kwenye miji hiyohiyo nimeona pia mambo ya kutisha. Baadhi ya vijana wasio na mashine ya polishi huchukua grainda ya kukatia vyuma na kuifunga sponji. Mashine ya polishi huzunguka kati ya mara 600 na 3,000 hivi kwa dakika. Grainda ndogo hufika karibu mara 11,000. Kwa mwendo huo rangi ya bampa haipati hata nafasi ya kuonya, na sponji yenyewe, ambayo haikutengenezwa kuhimili mwendo huo, inaweza kuchanika na kuruka vipande usoni.

Hata mashine halali hujeruhi. Sponji ikinasa kwenye mdomo wa grili au kwenye ukingo wa taa, mashine huruka mkononi. Waya ukining'inia chini huzolewa na sponji, ndiyo sababu anayejua huupitisha juu ya bega. Mikono mirefu ya shati, kanga iliyofungwa kiunoni, mkufu, vyote huviringwa. Dawa hurukia machoni. Na kwenye gereji nyingi nilizopita waya wa kuunganishia umeme ulikuwa umechubuka na kulazwa kwenye maji ya kuoshea magari. Miwani ya fundi na waya mzima ni nafuu kuliko bampa lolote.

Bampa lililopakwa na lililopakwa tena

Magari yanayoingia ukanda huu yana historia ndefu kabla hatujayaona. Kenya huruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka minane. Uganda, tangu 2018, imefunga mlango kwa yaliyofikisha miaka 15. Yanayokwenda Tanzania, Kenya na Uganda mengi hutoka Japani yakiwa na usukani wa kulia. Rwanda iliacha kuruhusu magari madogo ya aina hiyo tangu katikati ya miaka ya 2000, kwa hiyo ya kwetu hutafutwa kwingine, ingawa meli hutia nanga bandari zilezile na gari hupanda barabara ileile hadi Rusumo. Bujumbura huendesha kulia kama sisi, lakini usukani wa kulia umejaa barabarani.

Katika safari yote hiyo bampa ndilo linalogusana na dunia. Hugongwa kwenye maegesho, hukwaruzwa kwenye meli, hupigwa kokoto njiani, na mara nyingi hupakwa rangi upya, mahali fulani, na mtu fulani, kabla ya kukabidhiwa kwa mnunuzi. Hapo ndipo mashine hukuta balaa jingine.

Polipropilini ni jamaa wa ndoo na beseni la nyumbani. Jaribu kupaka ndoo rangi ya mafuta: itakauka, itapendeza, kisha siku utakapoikwaruza kwa kucha itabanduka kama ganda la ndizi. Bampa hupona hatima hiyo kwa sababu kabla ya rangi huwekwa praima maalumu ya plastiki inayoishikisha. Fundi rangi mwenye haraka huiruka hatua hiyo, maana praima hiyo ni bei na tofauti haionekani siku ya kukabidhi. Huonekana siku mashine ya polishi inapopashia rangi joto na kuivuta pembeni. Rangi nzima huinuka kama karatasi. Anayeadhibiwa si aliyeruka praima miaka miwili iliyopita, ni aliyeshika mashine leo.

Rangi ya gereji iliyowekewa kilainishi ili ipindike pamoja na plastiki nayo huwa laini kuliko ya kiwandani na huchoka mapema. Na iliyopakwa juzi ambayo dawa zake hazijamaliza kutoka hata haistahili kuguswa. Zipo dalili: chembe za rangi kwenye mpira wa taa, mstari wa tepu ndani ya ukingo, vichwa vya skrubu vilivyochubuliwa na bisibisi, uso wa bampa wenye vinundu kama ganda la chungwa ilhali mlango ni laini. Ukiziona, zungumza na mwenye gari kwanza, mwandikishiane, au msiguse.

Kwa magari mapya zaidi kosa lina bei kubwa. Yale yenye rada nyuma ya bampa, ya kuonya dereva au kusimamisha gari lenyewe, hayapendi rangi nene mbele ya rada, na watengenezaji kadhaa huonya dhidi ya puti na kupakapaka upya eneo hilo. Doa lililokuwa la faranga 70,000 kwenye gari langu lingeweza kuwa bampa zima kwenye gari la mwingine.

Gari huvuka, ujuzi hubaki

Kinachonisumbua kama mwandishi wa habari za ukanda huu ni kwamba gari husafiri kilomita 1,500 kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, likipita forodha, mizani na bima, lakini yale anayoyajua mzee wa Gerezani hayakufika kwenye gereji niliyopeleka gari langu. Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza kutumika tangu Julai 2010. Fundi anaweza kuvuka. Lakini wengi hawavuki, na anayevuka hukuta kila kitu kina jina jingine. Bampa la Dar es Salaam huku kwetu na Bujumbura utalisikia likiitwa pareshoki, kwa Kifaransa kilichokaa gereji miaka mingi. Puti inageuka mastiki. Vijana wa gereji za Kigali wanazungumza Kiswahili kizuri, pengine kuliko majirani zao wa maofisini, lakini maelekezo kwenye chupa ya dawa ni ya Kiingereza au Kijapani, na hakuna aliyeona haja ya kuyaandika kwa lugha ambayo Jumuiya yenyewe imeikubali kuwa rasmi.

Wengi walijifunzia chini ya mwembe, kwa kumtazama mjomba. Tanzania ina utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi wa aliyejifunzia kazini, Kenya ina majaribio ya NITA kwa madaraja. Vyeti ni vizuri. Ila mjomba alinyoosha Peugeot ya bati, na aliyoyarithisha ni ya bati.

Nilirudi kwenye ile gereji wiki ya pili nikiwa na hoja zangu. Mwenye gereji alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, na alikuwa na haki, ni nani angelipia bampa kama si aliyeliunguza, maana yeye naye alikatwa hivyohivyo alipokuwa kijana, na kodi ya uwanja haisubiri fizikia. Tulifika mahali: mimi nilitoa nusu ya zile 70,000, yeye akatoa 15,000, kijana akabaki na 20,000. Hakushukuru sana, wala sikutarajia. Magari mawili bure bado ni magari mawili.

Mwezi uliopita nilipita tena. Bampa langu linafanana na boneti asubuhi na kuachana nayo ikifika jioni, jua likilala. Kwenye ukuta wa gereji, msumari mmoja kando ya swichi, palikuwa pamening'inizwa sumaku ya spika iliyovishwa soksi ya mtoto. Kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya RAV4, akibandika tepu ya karatasi kwenye ukingo wa bampa taratibu, akiulainisha kwa kidole gumba. Alinisalimu bila kuinuka. Deni, alisema, alilimaliza Ijumaa.